Kijani Kisichookotwa Barabarani

Hsinchu, 11 Machi 2007

Shangazi yangu Hsiu-chin,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango. Kila neno lililomo humu libaki kati yako, mimi na jiko lako, maana ukimaliza kusoma barua hii itabidi uichome. Ndiyo sababu nimeandika kwa mkono: ujumbe wa simu hauchomeki, na simu za ofisini kwetu zina masikio. Usimwonyeshe jirani. Usimsomee hata mbwa.

Shikamoo. Najua tumezoea kadi za mwaka mpya tu, wewe na mimi, na yale matopetope unayotutumia kila msimu bila barua ndani. Mama hajambo, anacheza ngoma na akina mama wenzake bustanini kila asubuhi. Baba goti linamsumbua, lakini hataki kwenda hospitali. Anasema daktari mwenyewe ni mdogo kuliko viatu vyake. Mimi bado ni karani wa usajili wa kaya, mwaka wa pili sasa. Naandika waliozaliwa, waliooana na waliokufa. Mpaka leo sijakosea mfu hata mmoja.

Jambo lenyewe ni hili. Natengeneza vitu vya kioo.

Nimeliandika. Mwandiko ukiharibika usidhani nimelewa.

Ilianza Septemba. Kila ofisi iliagizwa itoe mtu mmoja aende kozi ya sanaa ya kioo, Jumamosi sita, ili watumishi waijue fahari ya mji wao. Mkuu wangu, Bwana Chiu, aliuliza nani anajitolea. Wote wakatazama meza zao. Mimi nikainua kichwa kwa sababu nilidhani ameniita. Wengine huingia kwenye sanaa kwa kuitwa na moyo. Mimi nilichelewa kuinama.

Mwalimu wetu, Bi Fan, alitupa vipande vya kioo vya rangi, tuvikate, tuvipange kimoja juu ya kingine, tuviache ndani ya tanuri la umeme. Jumamosi iliyofuata tukakuta vimeyeyuka vikashikana, vimekuwa kitu kimoja laini. Wenzangu walitoa samaki, ua, jua linalochomoza. Mimi nilitoa mihuri mitatu ya ofisi, kwa kuwa sikuweza kufikiri kitu kingine. Lakini nilikishika kioo kile, shangazi. Kilikuwa kigumu na baridi, na siku chache nyuma kilikuwa kinalegea kama asali. Nilisahau kula mchana.

Sasa nina tanuri langu dogo, kama sufuria ya wali ya hotelini, humu chumbani nilikopanga. Mwenye nyumba, Bi Tseng, aliniuliza ni la nini. Nikasema la kuokea mikate. Tangu hapo kila Jumatatu nanunua mkate mtaa wa tatu, naufunga upya kwa karatasi, nampelekea. Juzi ameniambia mkono wangu unaimarika.

Baba hajui. Wakati anafunga karakana yake ya kioo aliapa kwamba mwanawe atakalia kiti chenye mgongo, si kusimama mbele ya moto. Nimefanya mtihani wa serikali mara tatu ili nikikalie kiti hicho. Tena mtumishi haruhusiwi kuwa na kazi ya pili. Sijauza kitu, lakini sijui kama kupenda nako kunahesabiwa kazi.

Swali langu. Nilitengeneza sahani, kioo cheupe cha dukani na cha kijani juu yake. Ilitoka nzima. Ikakaa rafuni siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili, mimi nakunywa uji wangu, ikalia tak, ikapasuka yenyewe, hakuna aliyeigusa. Kwa nini? Cheupe ni cha dukani, kama nilivyosema. Cha kijani nilikipata mahali.

Wewe ulifanya kazi mbele ya moto ule wa karakana. Nilikuwa na miaka mitano ulipoondoka, nakumbuka mikono yako tu.

Wako mwenye hofu,
Chih-yuan


Taitung, 2 Aprili 2007

Kwa bwana karani wetu, Yuan,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mlango ukiwa wazi, maana kuna joto. Mbwa ameisikiliza mwanzo mpaka mwisho na amekubali kunyamaza.

Huku hatujambo. Matopetope yametoa maua, nashinda na brashi ndogo nikiyachavusha moja baada ya jingine, kwa kuwa wadudu wa huku ni wavivu kama makarani. Msalimie mama yako. Msalimie na huyo Bi Tseng, masikini, anayesifia mikate ya watu.

Kuhusu kioo, mimi sijui kitu. Mimi mkulima. Miaka ishirini na moja sijashika kioo isipokuwa cha dirisha langu, nacho kina ufa.

Ila ningekuwa najua, ningekwambia hivi. Umekutanisha vioo viwili visivyosinyaa sawa. Ndani ya moto havina ugomvi, vyote ni uji. Ugomvi huja vikipoa: kimoja kinajivuta sana, kingine kidogo, na vimeshashikana, hakuna pa kwenda. Vinaweza kukaa hivyo siku kumi na moja. Vinaweza kukaa mwaka. Halafu tak.

Kwa hiyo kabla ya kuviunganisha, pima. Chukua kipande chembamba cha hiki na cha kile, vilaze mgongo kwa mgongo, uvichome kwa moto wa gesi hadi vishikane. Kamata ncha kwa koleo, uvute haraka upate uzi mrefu kama unywele wa farasi. Uache upoe. Uzi ukijipinda kama upinde, vioo hivyo havikai nyumba moja. Ukinyooka, vinakaa.

Na vaa miwani. Watu wa kwenu hamkosi ujinga karibu na moto.

Hujaniambia kijani umekitoa wapi. Kijani hakiokotwi barabarani.

Shangazi


Hsinchu, 20 Mei 2007

Shangazi,

Shikamoo. Mama amechaguliwa kushika redio ya kaseti ya wacheza ngoma, ni cheo kikubwa. Goti la baba vilevile. Mimi nina unyusi mmoja, mwingine umekwenda na moto wa gesi.

Miwani nilivaa, lakini nilivaa ya kusomea. Bwana Chiu amenitazama siku tatu, ya nne akaniuliza, “Karani, nyumbani kuna amani?” Nikamwambia nilikuwa naoka mkate. Sasa na yeye anasubiri mkate.

Halafu tanuri lilianza kuzimika katikati ya kazi. Sijui kama huko mashambani mna desturi hii, lakini ofisini kwetu kila mashine ina pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi juu yake, maana kijani huiambia mashine iendelee bila matata. Ya njano hakuna anayethubutu, na iliyopitwa na tarehe ni balaa. Mimi kwa uangalifu wangu nilikagua rangi, nikakagua tarehe, nikakagua na mhuri wa kiwanda. Kisha nikaiweka juu ya kifuniko cha tanuri lenye moto wa digrii mia nane. Bi Tseng alipanda mbio akisema, “Yuan, mkate wako unanuka plastiki.” Nikamwambia ni mapishi ya kisasa. Ajabu ni kwamba tanuri halijazimika tena.

Nyuzi nimevuta arobaini na mbili. Cheupe cha dukani na kile cha kijani: upinde, kila mara. Nilikuwekea mmoja kwenye bahasha ya kwanza, nikausikia ukivunjika nilipokuwa naramba gundi, kwa hiyo nimeacha.

Nikujibu sasa. Kijani nilikiiba. Kiko kwenye gunia chini ya ngazi nyumbani kwa baba, mabaki ya karakana, vipande vya kijani na vyeupe pamoja. Naenda kula nao Jumapili, natoka na kilo moja ndani ya mkoba wa ofisi. Sijawahi kuona kijani kama kile dukani. Nikikiinua dirishani kinakuwa kama maji ya mpunga asubuhi. Na nilipokivuta pamoja na cheupe cha gunia lile lile, uzi ulinyooka kama rula.

Baba ana bilauri moja ya rangi hiyo, anawekea mswaki. Imemegeka mdomo. Mama amejaribu kuitupa mara mbili, mara zote mbili baba ameitoa kwenye taka na kuiosha. Sijui kwa nini nakuandikia hili.

Kwa vipande hivyo nimetengeneza ubao wa kioo, urefu wa mkono mmoja: chini kijani, juu vijiti vyeupe vyembamba vimelazwa bega kwa bega, vingine vimelegea kidogo kama vinapepea. Ni tambi za mchele zikianikwa kwenye upepo wa huku kwetu. Jirani aliyeiona kazi hiyo alisema ni mbavu za samaki. Lakini Bi Fan aliitazama, kisha akasema niipeleke kwenye maonyesho ya mji ya Septemba, ya waliozaliwa hapa.

Fomu nimeijaza. Namna nilivyoijaza tutaizungumza siku nyingine.

Chih-yuan


Taitung, 9 Agosti 2007

Karani,

Barua yako ya Mei niliipata Mei. Sikujibu kwa sababu sikujibu.

Leo nimepata nyingine, ya bahasha nene, kutoka mji wa Hsinchu. Inasema: “Tunakupongeza, Bi Peng Hsiu-chin, kwa kazi yako Tambi Zikianikwa kuchaguliwa. Ufunguzi ni tarehe 22 Septemba. Tafadhali njoo na kitambulisho.” Nimeikalisha mezani nikaitazama. Nimemuuliza mbwa kama aliniona nikiifanya kazi hiyo. Anasema usiku hulala.

Wewe ndiye unayemrudisha mzee wa watu nyumbani kwake kwa sababu amekosea tarehe ya kuzaliwa ya shemeji. Wewe. Kwenye nafasi ya jina ukaandika jina la shangazi yako, na kwenye nafasi ya anwani ukaandika shamba langu, na kwenye sahihi sijui uliandika nini.

Jina hilo halijaandikwa Hsinchu karibu na neno kioo tangu kabla hujaota meno ya pili. Baba yako anasoma gazeti kila siku, hata matangazo ya vifo ya watu asiowajua. Ulifikiria hilo?

Nieleze kwa nini. Usinichekeshe.

Hsiu-chin


Hsinchu, 13 Agosti 2007

Shangazi,

Mwezi wa mizimu umeanza leo. Watu wamepanga vyakula nje na wanachoma ubani, na mimi naandika barua ya kukiri. Naona ni zamu yangu na mizimu pamoja.

Sitakuchekesha. Fomu ilisema: jina la aliyetengeneza. Niliweka kalamu hapo nikaona kiti changu chenye mgongo, nikaona uso wa baba, nikaona karatasi ya kuachishwa kazi ikiwa na mhuri ambao ninaujua kwa karibu. Jina langu likakataa kutoka. Nikaandika la mtu wa mbali ambaye hakuna wa kumuuliza. Nilifikiri wewe huna la kupoteza. Sasa nikisoma sentensi hiyo naona aibu kuliko ile ya sahihi. Sahihi niliiga kutoka kadi zako, na ilinitoka vizuri, ambalo ni jambo baya zaidi.

Nimeamua kwenda kuiondoa kazi ile kabla ya ufunguzi. Nitasema mtengenezaji ameugua. Hapana, nisikuuguze pia. Nitasema sijui nini. Hakuna atakayejua na nitarudi kwenye mikate.

Nipe ruhusa tu. Hata neno moja.

Chih-yuan


Taitung, 12 Septemba 2007

Mwanangu Yuan,

Mwezi mbaya wa mizimu umekwisha, sasa naweza kuandika. Kulikuwa na dhoruba pia, imeangusha miti kumi na minne ya matopetope, lakini paa lipo na mbwa yupo. Goti la baba yako vipi? Mwambie mama yako alikande kwa mvinyo wa tangawizi, ukiwa wa moto. Anapenda moto, hata ajifanye hapendi.

Sitakupa ruhusa.

Kijani kile nilikipika mimi. Miaka mitatu. Hesabu za mchanga na shaba na chuma nilizishika kichwani kwa sababu karatasi zingeibwa, na sufuria za kujaribia zilipasuka hata nikaacha kuzihesabu. Mwaka 1986 wanunuzi walikuja kutoka nje, wakakipenda, wakataka kuandika cheti cha mvumbuzi wake. Walikuwa wamekaa pale mbele na chai. Mmoja akauliza, “Rangi hii kaitengeneza nani?” Mimi nilikuwa nimesimama na birika. Baba yako akajibu, “Karakana yetu.”

Hakusema uongo. Ni hilo tu. Karakana yetu.

Cheti kikaandikwa jina lake. Nikamaliza kumimina chai. Nikasema naenda dukani kununua chumvi. Nikapanda treni.

Sasa wewe umeogopa, ukaghushi, ukaandika kwenye karatasi ya serikali kwamba kijani kile ni cha Peng Hsiu-chin. Katika kazi yako yote ya ukarani hujawahi kuandika jambo la kweli zaidi, na ulilifanya kwa woga na kwa wizi. Hiyo ndiyo bahati niliyopewa.

Acha jina langu hapo mpaka baba yako alione. Siku moja. Najua nakuomba uhatarishe kiti chako. Sikuombi kwa sababu una deni kwangu. Nakuomba kwa kuwa mimi mwenyewe nilishindwa kuuliza.

Baada ya hapo fanya utakavyo.

Shangazi


Hsinchu, 7 Oktoba 2007

Shangazi,

Shikamoo. Mama hajambo. Goti la baba lina nafuu kwa mvinyo wa tangawizi. Aliuliza dawa imetoka kwa nani, mama akamwambia kwenye redio.

Sikuiondoa. Nilikwenda mara mbili kuiondoa, mara ya kwanza nikafika mlangoni, mara ya pili nikafika mezani nikauliza choo kiko wapi.

Siku ya ufunguzi nilisimama nyuma ya nguzo. Ni nguzo nyembamba, lakini na mimi si mnene. Baba alikuja saa nne, amevaa koti la harusi, gazeti limekunjwa mfukoni. Alipita kazi zote bila kuzitazama, akasimama mbele ya yetu. Akasimama muda mrefu hata mlinzi wa ukumbi akamletea kiti. Hakukaa. Akamwambia mlinzi, “Kijani hiki ni cha dada yangu. Alikipika yeye, peke yake, mwaka themanini na sita. Andika mahali.” Mlinzi akasema, “Mzee, jina lake lipo hapo tayari.” Baba akasema, “Naliona. Mimi nataka kulisema kwa mdomo wangu.”

Halafu akainama, akapitisha kidole ukingoni. “Lakini mkono si wake,” akasema. “Dada yangu hawezi kuacha kona kama hii. Hii imesuguliwa na mtu anayeogopa.” Akaendelea bila kugeuka. “Yuan, toka nyuma ya nguzo. Una unyusi mmoja tangu Mei, na gunia langu limepungua kilo sita. Nilidhani panya wamejifunza kula kioo.”

Nilitoka. Nilitaka kueleza yote kwa mpangilio, maana nilikuwa nimeandaa, lakini nilichosema ni, “Baba, sioki mikate.” Akasema, “Najua. Bi Tseng aliniletea kipande. Ni wa duka la mtaa wa tatu.”

Hakunigombeza, na hakunisifu pia. Njiani alisema neno moja: kwamba kona husuguliwa kwa maji, si kavu.

Jumatatu nilimpelekea Bwana Chiu maelezo ya kukiri, kurasa saba, yenye vichwa vya habari. Akasoma ukurasa wa kwanza.

“Karani, umeuza?”

“Hapana, mkuu.”

“Kuna mtu ametaka kununua?”

“Hapana, mkuu.”

“Sasa biashara iko wapi?” Akaruka mpaka ukurasa wa saba. “Jina na sahihi, hapo ndipo ulipokosa. Kuna fomu ya kurekebisha jina, unaijua?”

Shangazi, fomu hiyo naigawa mimi. Kwa miaka miwili nimeigawa kwa watu dirishani. Iko kwenye droo yangu ya kulia.

Nimepewa onyo la maandishi, limo kwenye jalada langu na litakaa humo. Kiti ninacho bado. Adhabu ya pili ni kuwafundisha wenzangu kozi ya kioo mwakani, na wote wananichukia. Waandaaji nao wamekubali marekebisho. Nafasi ya jina ni mstari mmoja tu, nikaandika kwa herufi ndogo mpaka nje ya mstari: kioo cha Peng Hsiu-chin, mkono wa Peng Chih-yuan. Mpokeaji akasema haikubaliki kuandika nje ya mstari. Nikamwambia najua, mimi ni karani.

Bahashani kuna mrija wa mianzi uliozibwa kwa nta. Ufungue polepole. Ndani mna uzi, kijani na cheupe, mnyoofu. Sikuuvuta mimi. Baba amefungua karakana, amefagia, amewasha jiko moja, na akaniambia nisikwambie ni nani aliyeuvuta, kwa hiyo sijakwambia.

Sikumwonyesha barua yako yoyote. Zote nimezichoma kama nilivyokuomba uchome zangu. Kwa hiyo alichosema jana sikukitia mimi mdomoni mwake. Nilimwambia nakuandikia, nikamuuliza kama ana salamu. Alikuwa anaosha bilauri ya mswaki. Akasema, “Mwambie hiyo chumvi imechelewa.”

Basi, nikuelekeze. Panda treni ya asubuhi, ubadilishe Taipei, ushuke Hsinchu, utokee mlango wa mbele. Usinipigie ofisini, na usiulize njia, majina ya mitaa yamebadilika. Fuata upepo ukupige usoni mpaka daraja dogo, kisha kushoto, mlango wa tatu, wa bati la buluu. Ukimkuta mzee anatengeneza baiskeli nje, baiskeli haina ubovu. Anaitengeneza tangu Jumatano. Ukikuta hakuna mtu, niko ndani nasugua kona kwa maji na sisikii. Kengele haifanyi kazi. Ingia tu, useme umeleta chumvi.

Chih-yuan